Kutibu Maji au Kutibua Maji? Tahakiki ya Istilahi za Maji ya Kunywa Nyumbani

1. Utangulizi

Miongoni mwa maandishi yanayofasiriwa kwa Kiswahili, ni machache yanayomfikia mwananchi kwa karibu kama yale yahusuyo maji ya kunywa. Sheria husomwa na wanasheria, na taarifa za fedha husomwa na wahasibu. Lakini karatasi inayoeleza jinsi ya kuyafanya maji ya kisima, ya mto au ya lambo yafae kunywewa hubandikwa katika ukuta wa zahanati, husomwa darasani, na mwisho wake hutekelezwa jikoni na mtu mwenye ndoo, sufuria na mtungi. Neno moja la karatasi hiyo lisipoeleweka, hakuna hakimu wa kulifafanua. Maji hunywewa, na maana ya neno hujulikana baadaye kwa afya ya watoto.

Makusudi ya makala haya ni kuzihakiki baadhi ya istilahi zinazotumika katika maandishi ya namna hiyo, na kuonyesha kuwa nyingine, ingawa zimekubalika maofisini, hazimfai mtu anayetakiwa kuzitekeleza. Sikusudii kumlaumu mfasiri yeyote. Mimi mwenyewe nimewahi kuyatumia maneno mengi kati ya haya nitakayoyakosoa, na nilitambua upungufu wake kwa kusahihishwa na mwanafunzi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika somo la sayansi kimu niliwaandikia wanafunzi ubaoni kwamba maji ya mto hayana budi kutibiwa kabla ya kunywewa. Siku ya pili nilipokusanya madaftari nilikuta mtoto mmoja ameandika, kwa mwandiko safi, kwamba maji ya mto hayana budi kutibuliwa kabla ya kunywewa. Nilitaka kumkosoa kwa wino mwekundu, kisha nikasita. Mtoto yule alilijua neno alilolitumia. Nyumbani kwao maji hutibuka kila mvua inyeshapo. Neno nililolitumia mimi ndilo lililokuwa geni kwake, naye alilipeleka kwenye neno lililo jirani.

2. Kutibu na kutibua

Yafaa tuyatazame maneno haya mawili kwa makini. Kutibu ni kumpa mgonjwa dawa au uangalizi ili apone. Asili yake ni Kiarabu, pamoja na tiba, tabibu na matibabu. Kutibua ni kuyakoroga au kuyavuruga maji hata tope iliyolala chini ipande juu. Na maji yaliyofanywa hivyo husemwa yametibuka. Kwa hiyo anayetibu maji na anayetibua maji hufanya mambo yanayopingana kabisa, nao wametengwa na irabu moja tu. Katika hali ya kutendwa tofauti ni silabi: yametibiwa, yametibuliwa. Masikioni mwa mtu anayesikiliza redio huku akitwanga, tofauti hiyo ni ndogo mno kuaminiwa.

Hata hivyo, kufanana kwa sauti si kosa kubwa kuliko yote. Lugha ina maneno mengi yanayofanana, na watu hupambanua kwa muktadha. Kosa kubwa la kutibu ni kwamba halimwambii msomaji afanye nini. Tuchukue sentensi ya mfano: "Tibu maji kabla ya kuyanywa." Mhandisi wa mtambo wa mjini ataielewa, kwa kuwa nyuma ya neno hilo anaiona safu nzima ya shughuli: maji kupitishwa katika wavu, kutiwa shabu, kuachwa yatulie, kuchujwa kwa mchanga, na mwisho kutiwa klorini. Kwake kutibu ni jina la jumla la kazi zote hizo. Mtu wa nyumbani hana mtambo. Anachohitaji kujua ni kitendo kimoja au viwili, na mfuatano wake. Kumwambia atibu maji ni sawa na kumwambia mpishi mgeni "shughulikia mchele".

Wapo watakaosema kwamba hata dawa ni neno la hospitali, na kwamba tukikubali dawa ya maji hatuna haki ya kukataa kutibu maji. Hoja hii haina nguvu. Katika Kiswahili dawa haikufungwa kwa mgonjwa tangu zamani. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na hakuna aliyewahi kudhani kuwa viatu vinaumwa. Kutia dawa ni kitendo kinachoonekana: kuna kifuniko, kuna tembe, kuna ndoo ya lita 20. Kutibu, kinyume chake, hudai kuwepo kwa mgonjwa, na hudai pia kuwepo kwa kupona. Hapo ndipo lilipo hatari. Aliyetibiwa akapona hahitaji tena tabibu. Lakini maji yaliyotiwa dawa asubuhi, yakichotwa kwa kata iliyoshikwa na mikono michafu, huwa si salama tena jioni.

3. Safi, salama, takatifu na twahara

Tangu mwaka 1971, Serikali ya Tanzania ilipoanzisha mpango wa miaka 20 wa kuwapatia wananchi wa vijijini maji kwa umbali usiozidi mita 400, maneno safi na salama yamekuwa yakisafiri pamoja kama mapacha. Hivi leo safi limeungana na maji hata limekuwa neno moja, majisafi, nalo limekaa katika majina ya mamlaka za miji likikabiliana na majitaka. Muungano huu ni mzuri kwa ofisi, kwa maana huyatofautisha mabomba ya aina mbili. Lakini umewafanya wengi wasahau kwamba safi na salama ni dhana mbili zilizo mbali.

Safi ni sifa inayoonekana kwa macho. Maji ya chemchemi yatokayo katika mwamba ni safi: ni maangavu, hayana harufu, na ladha yake hupendeza. Watu wa pwani wana mapokeo yao ya kuyapambanua maji kwa rangi, harufu na ladha, nayo yamejengwa pia juu ya mafunzo ya twahara. Maji mengi ambayo hayakubadilika sifa hizo tatu hufaa kutawadhia. Mafunzo hayo yana hekima, kwa kuwa maji yaliyobadilika harufu hayapasi kunywewa hata kidogo. Lakini twahara ni hukumu ya ibada, wala haikudai kuwa hukumu ya maabara. Vijidudu vya kipindupindu havina rangi wala harufu. Kipindupindu kilipoenea sehemu nyingi za nchi katika mwaka 1977 na 1978, na tena mwaka 2015, wengi walioambukizwa hawakunywa tope. Walikunywa maji yaliyoonekana safi.

Upande wa pili uko floridi. Katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro, na pia katika Singida na Shinyanga, maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana madini haya kwa wingi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa miaka mingi meno yake huingia rangi ya kahawia, na kiasi kikizidi sana mifupa nayo hudhurika. Maji hayo huweza kuwa maangavu kama kioo. Lililo kubwa zaidi kwa mfasiri ni hili: kuyachemsha hakusaidii. Mvuke hupaa, floridi hubaki sufuriani, na kiasi chake katika maji yaliyosalia huongezeka. Basi karatasi inayosema "chemsha maji yawe salama" ni kweli kwa kijiji kimoja na ni uongo kwa kijiji kingine. Kosa hapo halimo katika kitenzi chemsha, limo katika neno salama, ambalo limeachwa bila mpaka.

Salama, katika istilahi, lazima lifuatwe na jibu la swali: salama kutokana na nini? Shirika la Afya Duniani limependekeza floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Lakini kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu katika sehemu nyingine hapakuwa na chanzo kingine cha maji. Kilichokuwa kikielezwa wakati ule ni maji yanayoruhusiwa. Ingekuwa heri yangeitwa hivyo. Kuruhusu ni uamuzi wa serikali kwa kupima shida mbili. Usalama ni hali ya maji yenyewe. Mfasiri anayeyaita yote mawili salama humficha mwananchi habari anayostahili kuijua.

Nini basi juu ya kutakasa? Neno hili lina harufu ya ibada, nalo ni ndugu wa takatifu. Wengine hulikataa kwa sababu hiyo. Mimi naona linafaa, kwa kuwa mtu akisikia kutakasa huelewa kuwa uchafu unaoondolewa si ule wa macho. Napendekeza tugawe kazi hivi: kusafisha ni kuondoa kinachoonekana, kutakasa ni kuua au kuondoa vijidudu visivyoonekana. Ila tujihadhari na kwenda mbali zaidi na kuunda neno kutokana na tasa kwa ajili ya chupa au maji yasiyo na kijidudu hata kimoja. Kwa mtu wa kawaida tasa ni mwanamke au mnyama asiyezaa. Kumwambia mama kuwa maji ya familia yake yamefanywa tasa ni kualika uvumi ambao hata mabwana afya kumi hawataweza kuuzima.

4. Kupima, kuchunguza na kukagua

Kitenzi kupima kimebebeshwa mzigo mzito mno. Tunapima nguo, tunapima unga, tunapima shamba, tunapima damu, na sasa tunapima maji. Mwananchi akiambiwa kwamba kisima chake kimepimwa, aweza kuelewa kuwa kina chake kimejulikana, au wingi wa maji yatokayo kwa saa, au kwamba maji yanafaa kunywewa. Maana hii ya tatu ndiyo ya hatari, maana kupimwa si kufaulu. Ni mara nyingi watu wamesema "maji yetu yamepimwa" kwa fahari, bila kuuliza yamepimwa nini na majibu yalikuwaje.

Kwa maoni yangu, shughuli hii ina matendo matatu, na Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kuyatosheleza. La kwanza ni kukagua: kukitazama chanzo na mazingira yake. Je, choo kiko upande wa juu wa kisima? Mdomo wa kisima umejengewa? Ng'ombe wananywa hapo hapo? Kazi hii haihitaji kemikali yoyote, na mwalimu na wanafunzi wake waweza kuifanya. La pili ni kuchunguza: kutafuta kama kitu fulani kimo au hakimo. Hivyo ndivyo tufanyavyo kwa bakteria wa kinyesi, ambao hawatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. La tatu ni kupima hasa: kujua kiasi, kama vile miligramu za floridi katika lita. Mfasiri akiyatenganisha haya matatu, msomaji atajua kuwa kisima kilichokaguliwa kikaonekana kizuri bado hakijachunguzwa, na kilichochunguzwa huenda hakijapimwa.

Hapa pana tatizo jingine, nalo ni la majibu. Katika maabara jibu la kuonekana kwa kitu huitwa chanya, na la kutoonekana huitwa hasi. Istilahi hizi zina manufaa katika hisabati na umeme. Lakini nje ya maabara chanya imekwisha kupata maana ya jambo jema: tunasikia mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Halmashauri ya kijiji ikiletewa barua kwamba majibu ya kisima chao ni chanya, ni nani atakayewalaumu wakishangilia? Ipo njia nyepesi iliyotolewa na wataalamu wa India mwaka 1982, ambayo maji hutiwa katika chupa yenye karatasi iliyolowekwa dawa, kisha huachwa siku moja hadi tatu. Yakigeuka meusi, yashukiwe kuwa na uchafu wa kinyesi. Njia hii inatufundisha hata sisi watu wa lugha: jibu lake ni rangi, na kila mtu huisoma. Barua zetu nazo ziseme waziwazi: vijidudu vya kinyesi vimeonekana, vijidudu vya kinyesi havikuonekana.

5. Vitendo vya jikoni

Nikiingia sasa katika maelekezo yenyewe, naona maneno manne yanayostahili kuangaliwa.

Kwanza ni kutuama. Baadhi ya wafasiri hulitumia kwa kitendo cha kuyaacha maji ndooni ili tope ishuke. Neno ni la Kiswahili, lakini limekwisha kuajiriwa kwingine. Maandishi yote ya malaria huwaonya watu juu ya maji yaliyotuama, ambamo mbu hutaga. Haiwezekani neno lile lile liwe onyo katika ukurasa mmoja na agizo katika ukurasa wa pili. Kutulia linatosha: yaache maji yatulie, kisha umimine yaliyo juu, uyaache mashapo.

Pili ni kugandisha, ambalo wengine hulitumia kueleza kazi ya shabu. Mtu akisikia maji yagandishwe hufikiri barafu. Na kwa kweli kinachoshikamana ni chembe za tope, maji hayagandi. Wanawake wa vijiji vya Sudan kando ya Mto Naili wametumia unga wa mbegu za mlonge kwa kazi hiyo hiyo. Kitu kinachojulikana kwa wanavijiji chastahili jina la kijijini. Naona tuseme kushusha tope, na shabu au mlonge viitwe vishusha tope. Tusisahau kuongeza kuwa kushusha tope si kutakasa. Ni kuyaandaa maji ili yatakaswe.

Tatu ni hali ya maji kuwa na tope, jambo ambalo wahandisi hulipima kwa chombo. Maneno kama uchafu na ukungu yamejaribiwa. Uchafu ni mpana mno, na ukungu ni wa angani. Kwa nini tusirudi kwenye neno la mwanafunzi wangu? Maji yaliyotibuka yana mtibuko. Neno limefuata kanuni za unyambuaji, lina picha, na lina jamaa wanaojulikana. Umuhimu wake si wa kimaabara tu. Maji yenye mtibuko huila klorini kabla haijafika kwa vijidudu, na chembe zake huwa ngao kwao. Ndiyo sababu hushauriwa maji hayo yatulizwe na kuchujwa kwa kitambaa safi kwanza, na yakiwa bado na tope, dawa iongezwe maradufu. Baada ya kutia dawa ni lazima kungoja dakika 30 zisizopungua, na klorini itakayobaki isipungue miligramu 0.2 katika lita. Hiyo iitwe klorini baki. Ni mlinzi aliyeachwa mlangoni baada ya jeshi kuondoka.

Nne ni kuchemsha. Yawezekana kweli neno hili likawa na tatizo? Lina tatizo dogo. Wapo wanaoita maji yamechemka mara yanapoanza kutoa moshi na kuchoma kidole. Kwa sababu hiyo maandishi ya zamani yaliagiza dakika nyingi, na kuni zikateketea bure. Tunalo neno lenye kupambanua: kutokota. Maji yakitokota, yaani mapovu makubwa yakipanda juu bila kukoma, vijidudu vya maradhi vimekwisha kufa. Kinachobaki ni kuyafunika na kuyaacha yapoe. Katika milima mirefu maji hutokota kwa joto lililo chini ya nyuzi 100, kwa hiyo hushauriwa yaachwe yatokote dakika chache zaidi. Agizo liwe fupi: chemsha hata yatokote, funika.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, napendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kama ifuatavyo:

(a) Kutibu maji kubaki katika nyaraka za mitambo na bajeti, kama jina la jumla. Kusitumike kamwe katika agizo apewalo mtu wa nyumbani.

(b) Kusafisha kuwe kuondoa kinachoonekana. Kutakasa kuwe kuua au kuondoa vijidudu.

(c) Salama kufuatwe daima na maelezo: salama kwa vijidudu, salama kwa floridi. Penye ruhusa tu, tuseme yanaruhusiwa.

(d) Kukagua kuwe kwa chanzo, kuchunguza kuwe kwa kuwepo au kutokuwepo, kupima kuwe kwa kiasi.

(e) Chanya na hasi zisivuke mlango wa maabara.

(f) Kutulia, kushusha tope, mtibuko, klorini baki na kutokota yatumike kama yalivyoelezwa.

7. Hitimisho

Najua yupo atakayeniambia kwamba kutibu maji kumekwisha kuenea, na kwamba maji hufuata mkondo. Ni kweli, na ndiyo maana sikupendekeza kulifuta neno hilo. Lakini mkondo nao huchimbwa, na katika lugha wachimbaji ndio sisi tunaoandika karatasi za ukutani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, nao walichimba vyoo kwa sababu waliambiwa wachimbe vyoo. Agizo lilikuwa na kitenzi ambacho kila mwenye jembe alikijua.

Istilahi nzuri, basi, haipimwi kwa kulingana na neno la lugha ya kigeni peke yake. Isomeni kwa sauti mbele ya mtu mwenye ndoo, kisha mwulizeni atafanya nini. Akijibu sawasawa, neno limefaulu. Akinyamaza, au akichukua mwiko akaanza kuyakoroga maji, neno lirudishwe kwa mfasiri. Yule mwanafunzi wangu hakupata alama ya kosa. Nilifuta ubao, nikaandika upya: acha yatulie, chuja, chemsha hata yatokote, funika. Safari hii madaftari yote yalikuja sawa.